Kilima Juu ya Meka

Watu wa kambi wanasema nina wivu. Ni kweli, ninao. Niliwaambia usoni: ninao, sasa mnataka nipelekwe hospitali? Wivu wangu una sababu, na sababu yenyewe ina meza. Iko mkono wa kuume wa meza yangu, kwenye soko dogo la Dilala, hapa Kolwezi, pale nyumba za kambi ya zamani ya kampuni ya shaba zinapoishia na vibanda vya mbao vinapoanza. Nyuma ya meza hiyo anakaa mwanamke wa umri wangu anayeuza unga wa mahindi. Mimi pia nauza unga wa mahindi.

Babu yake na babu yangu waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Sisi tulisoma darasa moja, tukaimba kwaya moja, na sasa tunakaa bega kwa bega tunauza chakula kilekile. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo kila mtu anavyomtaja akiongea na mimi. Mwenzako amefika? Mwenzako amemaliza gunia? Utafikiri kuna kitu tunagawana.

Kwetu unga unapimwa kwa meka. Ni bakuli la bati, soko zima linatumia ukubwa mmoja, na mama wa nyumba anajua meka moja inatoa bukari, ugali wetu, ya watu wangapi. Kuna namna mbili za kuijaza. Namna yangu ni hii: unajaza, unapitisha kijiti kwenye mdomo wa bakuli, kinachozidi kinarudi kwenye gunia. Mnunuaji amepata meka, mimi nimepata bei ya meka, hakuna aliyemwibia mwingine. Namna ya mwenzangu ni kuzungushia mkono wa kushoto kwenye mdomo wa bakuli, kama mtu anayemkumbatia mtoto shingoni, halafu mkono wa kulia unamimina, unamimina, mpaka unga unasimama juu kama kilima. Anakimwaga kilima kwenye mfuko wako, kisha anachota ngumi nyingine ya matabishi, ile nyongeza ambayo mnunuaji asipopewa anabaki amesimama mbele yako kama amesahau njia ya kwao. Na wakati wote huo anakuuliza juu ya mtoto wako aliyekuwa anakohoa. Anamkumbuka. Anakumbuka hata dawa aliyopewa.

Nilimtafutia hila, sifichi. Kuna wauzaji wanaogonga kitako cha meka kwa nyundo ili kiingie ndani, hapo unaweza kujenga kilima unavyotaka na bado unafaidika. Nikasema huyu naye lazima amegonga. Nikaenda kumwazima meka yake, nikamdanganya kwamba yangu imeshika kutu. Nyuma ya kibanda nikaijaza, nikaimwaga kwenye yangu. Zililingana kabisa. Nikaifuta, nikamrudishia.

"Unaweza kubaki nayo, yaya," akaniambia. "Mi niko na ingine."

Ananiita yaya, kama dada mkubwa, ingawa mimi na yeye tunalingana. Ni heshima yake. Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na hasira ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote, maana ningesema nini? Kwamba nimepekua meka ya mtu nikaikuta safi?

Kilima kile kilikuwa kinatoka wapi, nilikuja kujua baadaye. Kaka ya mume wake ana mashamba huko Sandoa, na ana lori. Mahindi yake yanavunwa, yanapakiwa, yanafika Kolwezi bila kupita mkononi mwa mtu mwingine. Yangu nanunua kwenye depo, kwa mtu aliyenunua kwa mtu, na kila mmoja amekula kidogo kabla gunia halijafika begani mwangu. Nikikumbatia meka kama yeye, mchana nimefunga biashara.

"Ningekuwa na shemeki mwenye lori, na mi ningekuwa na roho muzuri," nilimwambia mume wangu.

Alikuwa amechuchumaa anapaka mnyororo wa pikipiki yake mafuta. Yeye anabeba abiria. "Weye?" akasema bila kuinua kichwa. "Ataa bakupatie treni, utakata tu na kijiti."

Jioni ile kichwa cha samaki, ambacho siku zote ni chake, nilimpa mtoto.

Huyo mtoto naye ni habari nyingine. Nina binti mdogo, ameanza tu kuongea maneno yanayoeleweka. Kila asubuhi namweka kwenye kiboksi chini ya meza yangu, na kila asubuhi nikigeuka kiboksi ni tupu. Yuko kule. Amesimama kati ya magoti ya mwenzangu, anamshika mkono anapomimina, na mwenzangu anamwachia achote ile ngumi ya matabishi kwa vidole vyake na kuitupia kwenye mfuko wa mnunuaji. Wanunuaji wanakufa kwa kicheko. Wanasema, mama, mtoto wako ana mkono wa baraka. Wanamwambia mwenzangu. Mtoto ni wangu, nimepasuka kumzaa mimi, na wanamsifu yeye.

Meza yangu aliniachia mama yangu alipofariki. Sokoni kwetu meza haina hati. Inakuwa yako kwa sababu unaonekana nyuma yake. Ukikosa unga, meza ikakaa tupu, kesho mtu anaweka nyanya juu yake, na keshokutwa anaapa ilikuwa ya bibi yake. Mume wangu akipata abiria tunakula, akikosa abiria meza ndiyo inatulisha. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ni mbao tu.

Sekondari nilisoma komersiale, yaani masomo ya biashara. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyetufundisha uchumi, mwembamba, koti moja mwaka mzima. Alisema muuzaji hauzi mkate kwa sababu anakupenda, anauza kwa sababu anataka chake, na wewe unanunua kwa sababu unataka chako, na hivyo mji mzima unapata kula bila mtu kumpigia mwingine magoti. Wenzangu waliandika wakaenda nyumbani. Mimi somo lile lilinikaa tumboni. Nilikuwa mtoto niliyelelewa kwa kupelekwa kwa shangazi huyu na tanti yule kuomba kikombe cha unga, nasimama mlangoni, nasubiri wamalize kuongea. Kusikia kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu anaweka pesa, anachukua kitu, anaondoka na shingo yake imenyooka, kulinifurahisha kuliko nyimbo zote za kwaya.

Basi mwaka huu, kabla ya mvua kukolea, malori ya unga yanayotoka Zambia yakaanza kukwama mpakani. Sababu zilisemwa nyingi. Sisi tuliona tu bei. Depo iliyokuwa na magunia mpaka darini ikabaki na magunia ya kuhesabika, na mwenye depo akaanza kujibu watu kwa nyusi. Nikafanya nilichofundishwa. Nikasema bei itapanda tena, aliye na unga ndani ndiye atakayesimama. Nikauza cherehani ya mama yangu, ile ya kukanyaga kwa mguu, na pesa yote nikaiweka kwenye magunia. Nilinunua ghali, najua, lakini nilinunua nikijua. Mume wangu alibeba magunia mawili-mawili kwa pikipiki, kwa safari nyingi, tukayapanga chumbani juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Binti yangu alilala akiegemea unga.

Jumapili iliyofuata, kanisani, wakati wa ushuhuda, mwenzangu akasimama.

"Bandugu," akasema, "mi niko na bunga ya bei ya zamani, ilifika mbele ya mvua. Bei inapanda, kila mutu anaona. Na mi nilitaka kupandisha, sitabadanganya. Lakini Mungu alinishika mukono. Aliniambia, mu ile meka yako njo batoto ba bantu banakulia. Donc mi sitapandisha."

Akalia. Na hayakuwa machozi ya kununua sifa, hilo ndilo linaloniuma. Namjua. Darasani alikuwa analia akichapwa mtu mwingine.

Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Tata pasta, mchungaji wetu, akangoja kelele zipungue, akapangusa uso kwa kitambaa.

"Aksanti, mama. Sasa bale bengine benye kupandisha, bajiulize tu: Bwana Yesu angepita mu soko yetu na mufuko yake, angesimama kwa meza ya nani?"

Kanisa likacheka. Halafu, taratibu, safu baada ya safu, vichwa vikageuka kunitazama. Nikaimba wimbo uliofuata kwa sauti ya juu kuliko wote.

Jumatatu foleni ya mwenzangu ilitoka kwenye meza yake, ikapita mbele ya yangu, ikazunguka kwenye fundi viatu. Watu walikuwa wamesimama hasa mbele ya meza yangu, wamenipa mgongo, wanasubiri kwenda pale. Nilikuwa natazama vikwembe vyao, vile vitenge walivyojifunga, kwa nyuma. Mteja wangu wa zamani mmoja, mke wa mlinzi, aliona aibu akageuka.

"Mama, hapana kukasirika," akaninong'oneza. "Leo tu."

Kesho yake alikuwepo tena, na hakugeuka.

Mvua zikafunguka. Unga hauwezi kukaa wakati wa mvua, unavuta maji hewani, unashika mabonge, halafu unaanza kutoa harufu ya nguo iliyofungiwa kwenye ndoo. Kila jioni nilitia mkono mpaka kitako cha gunia nikausikiliza kwa vidole. Siku moja nikaona bonge la kwanza. Nilikaa nalo mkononi kama mtu aliyeokota jino lake.

Kukaa kwenye meza bila mteja kunampa mtu macho. Nikaanza kuitazama ile foleni vizuri. Mbele kabisa, kila asubuhi, alikuwepo mama mmoja mwenye restora ya kuuzia wachimbaji bukari na samaki, karibu na njia ya magari makubwa. Hakuja peke yake. Alikuja na wasichana wake wa jikoni, kila mmoja na beseni, wanapita, wanazunguka, wanarudi nyuma ya foleni, wanapita tena. Mwenzangu alikuwa anawajengea kilima kila mmoja, na matabishi juu, na kuwauliza habari za nyumbani. Walioamka kumnyonyesha mtoto kwanza, walioanza na kazi za watu, walikuta magunia ya siku yameisha.

Nikamfuata yule mama wa restora. "Na sahani yako ya bukari, bei ilishuka?"

"Ishuke ju ya nini?"

"Bunga si unanunua bei ya zamani."

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. "Mama, yule anatafuta mbingu," akasema, akimwelekezea mwenzangu kidevu. "Mi natafuta sufuria. Kila mutu na yake."

Nikaenda kumwambia mwenzangu. Nilimwambia kwa nia njema kadiri nilivyoweza, maana yake kwa nia mbaya kidogo.

"Wema wako unaliwa na mama wa restora," nikasema. "Bantu benye ulisema mu kanisa, habafike mbele."

Alikuwa anakung'uta gunia. "Na mi ninaona, yaya. Nitamufukuzaje? Na yeye ni mutu."

"Pandisha kidogo. Atapunguza mabeseni. Na siye tutapumua."

"Nilishasema mbele ya kanisa."

"Basi njo kanisa inakula bunga."

Akaendelea kukung'uta. Kisha akasema polepole, "Unasumbuka, yaya? Nikusaidie?"

Nilimwambia sisumbuki. Nilirudi kwenye meza yangu nikakata kijiti kipya.

Usiku huo wala sikufikiri sana. Wazo lilikuwa limeshakuja lenyewe sokoni mchana, lilipita mbele yangu na mabeseni yake. Asubuhi nikampa mume wangu pesa na magunia matupu, nikamwambia, nenda ukapange foleni kwa mwenzangu. Alisitasita. Nikamuuliza kama anaona pale kwenye foleni kuna askari anayeuliza watu ni waume wa nani. Akaenda. Akarudi na unga, na uso wa furaha.

"Ule mama anapima," akasema. "Ataa alisema nimusalimie mutoto."

"Mutoto wako alikuwa kati ya magoti yake. Alikusalimia mutu mwenye alikuwa pale."

Tukaupakia unga tukaupeleka Kasulo, mtaa ambao watu wanachimba madini hadi ndani ya nyumba zao. Kule watu walikuwa wanalipa bei ya siku bila kelele, kwa sababu hakukuwa na muuzaji mwema karibu. Asubuhi nilionekana kwenye meza yangu, mchana nilitandika turubai ukutani mwa lupango, yaani uwanja wa nyumba ya mtu, pembeni ya shimo lililofunikwa mabati, mahali palipokuwa chumba cha kulala. Wachimbaji walitoka wamepakwa udongo mpaka kope, wanataka kula, hawataki hadithi. Niliuchanganya unga wa mwenzangu na wangu uliokuwa unaanza kuchoka, nikaukung'uta kwenye chekeche, nikauza kwa meka iliyokatwa kijiti. Faida ya mmoja ilifuta hasara ya mwingine. Gunia la kwanza la cherehani ya mama yangu likaisha, likafuata la pili. Mume wangu akawa anakwenda foleni kila siku, na pale alipoona haya kurudia akamtuma dada yake.

Wanaosubiri nitubu hapa wataona giza limeingia bado wanasubiri. Sikumwibia mtu. Nilinunua kwa bei aliyoitaja mwenyewe, nikauza kwa bei waliyokubali wenyewe, katikati nikabeba kwenye mgongo wa pikipiki kwa njia yenye matope ya kufika magotini. Wema wake ulikuwa wazi kwa kila mtu, na mimi ni kila mtu.

Ila Kasulo kuna misiba, kama kila mahali. Mchana mmoja likatokea kundi la kina mama wanatoka matangani, wamefunga vikwembe vya kufanana, na mwenzangu yuko katikati yao. Mume wa tanti yake ndiye alikuwa amekufa. Aliniona kabla sijaweza kugeuza uso. Aliwaacha wenzake, akaja, akaingia kwenye foleni nyuma ya wengine, akasubiri zamu yake. Hakuruka mtu hata mmoja.

Zamu ilipofika akainama, akachukua unga kidogo kwa vidole, akauweka ulimini. Shemeji yake husaga mahindi na mihogo kidogo ndani, ladha yake haijifichi.

"Bei gani, yaya?"

Nikamtajia bei ya siku. Akafungua pindo la kikwembe, akatoa pesa, akaniwekea mbele.

"Pima."

Nikapima. Kijiti kikapita juu ya bakuli, nilikisikia kikikwaruza bati. Nikamimina kwenye mfuko wake mweusi wa plastiki. Hakuufunga. Aliendelea kuushika wazi kwa mikono miwili.

"Na matabishi yangu?"

"Matabishi yako ulishabeba mu kanisa."

Foleni ikacheka. Mchimbaji mmoja alipiga mapaja yake mpaka vumbi likatoka. Mwenzangu hakucheka. Tangu darasani sikuwahi kumwona na uso ule, ulikuwa umekauka, na nakiri nilifurahi kuuona, nikasema moyoni, kumbe nawe unakasirika.

"Ungeniomba gunia, ningekupatia," akasema. "Ataa mawili. Mi nilikuuliza mu soko kama unasumbuka. Ju ya nini haukuniomba?"

"Njo ile sikutaka. Kuomba."

"Mi niko nani, mpaka usiniombe?"

"Weye ni mutu mwenye anauza bunga sawa na mi. Nikinunua kwako, tumemalizana. Nikikuomba, kila asubuhi napashwa kukuonyesha meno."

Akapumua. Akamshika bega mwanamke aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mjamzito, ndala moja nyekundu na moja ya bluu. "Na uyu? Ni ju ya bantu sawa uyu njo niliacha bei vile iko. Bunga ni ileile. Weye unamuuzisha bei ya kulilia."

"Uyu hakufika Dilala. Na bunga yako haikufika Kasulo. Mi njo niliileta."

Nilidhani nimemmaliza. Na hata leo naona neno lile lilikuwa la kweli, kwa maana ukikaa na bei yako nzuri mahali ambapo mwenye njaa hafiki, umemsaidia nani? Mwenye beseni. Lakini mwenzangu hakubishana. Aliufunga ule mfuko, alioulipia bei ya siku, akamwekea yule mjamzito mikononi, akasema pole na kazi, mama, akaondoka kuwafuata wenzake.

Bila shaka alimpa. Nilipaswa kujua angempa. Hata pale, kwenye turubai yangu, na unga uliotoka mkononi mwangu, mwisho wake shukrani zilikwenda kwake. Yule mjamzito alimfuata kwa macho mpaka alipopotea. Halafu mtu aliyekuwa nyuma yake akafungua mfuko, akaushika wazi kwa mikono miwili vilevile, akaniambia, "Mama, na yangu matabishi."

Baada ya hapo hatukuongea. Tulikaa bega kwa bega na hatukuongea. Mume wangu na dada yake waliendelea kupanga foleni, na hakuwafukuza. Aliwapimia kilima. Nilikuwa namtazama kwa pembeni mkono wake ukizunguka bakuli, nikisubiri siku ule mkono utalegea kwa ajili ya watu wangu, ili nami nipate cha kusema. Haukulegea.

Kilichoisha ni unga. Magunia ya bei ya zamani yalikwisha, na lori lililofuata kutoka Sandoa lilikaa njiani kwenye matope hadi watu wakaacha kuliulizia. Lilipofika, shemeji yake alikuwa ndani, mtu mnene mwenye simu mbili, na alikuwa amesikia kila kitu. Alimfokea palepale sokoni, mbele yetu wote.

"Bantu banauzisha mahindi yangu Kasulo bei mara mbili, na weye unaimba? Ulinifanya mujinga. Sasa utalipa vile bengine banalipa, ao nipeleke kwa depo."

Alikuwa anasema ukweli wa mfanyabiashara, na mimi nilipaswa kumpigia makofi. Sikuweza. Niliangalia vidole vyangu.

Kesho yake mwenzangu akataja bei ya siku, ileile ya kwangu, ileile ya wote, na meka yake ikakatwa kijiti. Foleni ikamtaka arudie bei, kama watu hawakusikia. Halafu wakaanza.

"Kumbe na weye."

"Mungu alibadilisha mawazo?"

Mama wa restora ndiye alikuwa na mdomo mkubwa kuliko wote. Alisimama na mabeseni yake matupu, akamwita mwizi wa kanisani, akasema watoto watakufa kwa sababu yake. Yeye, ambaye sahani yake haikuwahi kushuka. Wengine wakaondoka wakitema mate chini. Mwenzangu alikuwa anapima kwa walio tayari, anasema samahani kwa kila mmoja.

Ningekuwa mtu wa kawaida ningefurahi. Nilijaribu kufurahi. Ila nilipokuwa nawasikiliza, kitu kikanichoma mahali pengine kabisa. Mimi niliuza kwa bei ile tangu mwanzo, na hakuna aliyenitukana. Walinung'unikia bei, wakalipa, wakaenda. Yeye alipopandisha walimlilia yeye, kama mama aliyewafungia mlango. Hata matusi aliyopata yalikuwa makubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa mimi katika soko hili. Nikaona wivu wa matusi. Sijui kama kuna ugonjwa unaofika chini zaidi ya hapo.

Meza yangu ilibaki. Niliweka magunia mapya, nikanunua kwa akili, na kwa kuwa bei zilikuwa zimelingana, watu wakaja pia kwangu, hata yule mke wa mlinzi. Ya mwenzangu ikawa inafunguliwa siku moja, siku mbili imelala. Shemeji yake alikuwa amepeleka mahindi kwa depo. Nyanya za mtu fulani zilikuwa zimeshaanza kusogelea kona ya meza yake, nami niliziona, nikazisogeza nyuma kwa mguu. Sikumwambia mtu, na sijui kwa nini nilifanya vile.

Asubuhi moja alikuja upande wangu wa meza. Alikuwa na mfuko. Ndani ya sekunde ile nilijua, watoto wake wanataka kula, na unga kwake hakuna.

"Meka moja, yaya," akasema.

Akaweka pesa mezani, bei ya siku, kamili. Hakuuliza kupunguziwa. Hakunitazama kwa huruma wala kwa hasira, alinitazama kama mnunuaji. Nikapima, nikakata kwa kijiti, nikamimina kwenye mfuko wake. Nikaona jambo ambalo sikulitegemea: kwa mara ya kwanza tangu tuwe wasichana, nilikuwa namtazama na hakuna kitu kinachonichoma. Tulikuwa tumelingana. Ameweka, amechukua, shingo yake imenyooka, na yangu imenyooka. Ni lile somo la mwalimu wa koti moja, liko mbele yangu limekamilika, na nikasema moyoni, basi, ni hivi tu nilivyotaka.

Alikuwa anaanza kuufunga mfuko. Binti yangu akatoka chini ya meza. Sikujua kama alikuwa macho. Akaingiza mkono kwenye gunia langu mpaka kiwiko, akachota, akaukamata mfuko wa mwenzangu kwa mkono mwingine na kuuvuta chini, akatupia ngumi yake ndani. Nusu ilimwagika. Akaingiza mkono tena akachota nyingine, akatazama juu kwa mwenzangu kuona kama amefanya sawa.

Mwenzangu akafunika mdomo. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio. Watu waliokuwa karibu wakasema lile neno lao, mkono wa baraka, na safari hii walinitazama mimi.

Ningeweza kuurudisha. Unga ulikuwa wangu, nilikuwa nimeununua kwa bei ya siku, kila punje. Nilimvuta mtoto, nikamfuta vidole kwa kikwembe changu, nikafuta kwa nguvu mpaka akalia. Kisha nikamwambia mwenzangu aende, bukari ya watoto inachelewa, na asisimame hapo kuniziba wateja.